Jumapili Niliyoombwa Nisipige Vizuri

Jina la bendi ile siwezi kuliandika hapa. Kwa Kiingereza ni tusi, na kwa Kiswahili linakuwa tusi zaidi. Nitawaita Waingereza tu. Atakayetaka kujua jina lenyewe akamuulize binti yangu, ambaye nilipompigia simu chuoni kumwambia kwamba nitapiga nao jukwaani, alicheka mpaka nikasikia kitu kikianguka huko aliko. Halafu akanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba watu wale ni magwiji, na kwamba mimi nitawaharibia.

Mimi ni mpiga besi. Kitambulisho changu cha kazini kinasema ni dereva wa kampuni inayokodisha spika na amplifaya, lakini hilo ni jambo la Kanada. Besi nilijifunzia Morogoro, katika bendi ya dansi iliyokuwa na sare za rangi ya maziwa na kiongozi mwenye masikio ya popo. Ukikosea noti, faini. Ukichelewa mazoezini, faini. Kiatu kikiwa na vumbi, faini, na Morogoro wakati wa kiangazi sijui ni kiatu gani hakina vumbi. Lakini chemko likifika, ile sehemu ya wimbo inayokwenda mbio, watu walikuwa wanaacha bia mezani na kwenda kucheza, na bia ya mtu wa Morogoro si kitu cha kuachwa ovyo.

Toronto haikuwa na shida ya mpiga besi wa dansi. Ilikuwa na shida ya mtu wa kubeba spika. Basi siku za kazi nabeba spika, na Jumapili napiga besi kanisani kwetu, huku mtaa wa Jane and Finch, ambako waumini wengi ni Wakongo na Warundi. Mke wangu ni wa Bukavu. Tulikutana kanisani humohumo, na ndiye kiongozi wa kwaya, kwa hiyo hata nyumbani sijawahi kupumzika.

Ijumaa moja ya mwezi wa pili, barafu ikiwa imeganda kila mahali, nilipeleka amplifaya kwenye ukumbi mmoja mkongwe mjini, ambao zamani ulikuwa sinema. Niliambiwa ni bendi ya panki kutoka Uingereza. Kwetu panki ilikuwa mtindo wa kunyoa nywele. Kama kulikuwa na muziki wake, haukufika Morogoro. Nilitegemea kukuta vijana watukutu. Nilikuta wazee wanne wamekaa kwenye masanduku ya vyombo, kimya, kama watu wanaosubiri kuitwa na daktari.

Mwimbaji wao alikuwa mrefu, mwembamba, nywele kazipaka rangi ya chungwa, na miwani ya kusomea imening'inia kifuani kwa kamba. Mpiga dramu alikuwa na vifaa vya kusikia katika masikio yote mawili na bandeji gotini. Mpiga gitaa alikuwa anakula ndizi. Wa nne, mpiga besi, alikuwa na mkono wa kushoto umefungwa hogo jipya la plasta, jeupe, kuanzia vidoleni hadi kwenye kiwiko. Asubuhi ile alikuwa ametoka nje ya hoteli kuvuta sigara akiwa na raba za turubai. Ngazi zilikuwa na barafu. Sigara haikuzimika, alinieleza baadaye, na hilo alilisema kwa fahari.

Meneja wao alikuwa binti wa mwimbaji, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwenye sura ya mtu aliyezaliwa ili awatafutie wengine dawa zao. Alikuwa kwenye simu akimweleza mtu kwamba onyesho la Jumapili haliwezi kuahirishwa, tiketi zimekwisha, na baada ya Toronto wana miji mingine.

Mimi nilifanya kazi yangu. Nikaunganisha amplifaya ya besi, na kwa kuwa gitaa lenyewe lilikuwa limelala hapo sakafuni, nikalichukua kujaribu sauti. Vidole vikaenda vyenyewe Morogoro. Sikupiga kitu kikubwa, kipande kidogo tu cha chemko, cha kutembea juu na kushuka. Nilipoinua kichwa, wote walikuwa wananitazama, na mpiga gitaa ameacha kutafuna.

"Huyu nani?" akauliza mpiga dramu kwa sauti kubwa, kama wanavyouliza viziwi.

"Jumapili una kazi?" meneja akaniuliza.

"Nina kanisa," nikasema.

"Sisi pia tulikuwa na kanisa," akasema mwimbaji. "Lilitufukuza." Kiingereza chake kilikuwa cha kaskazini mwa Uingereza, na nilikuwa naelewa nusu, lakini hilo nililielewa. Akanisogelea, akavaa miwani, akaitazama mikono yangu. "Tatizo lako ni moja tu, kaka. Unapiga vizuri mno."

Nikasema asante. Binti yake akaniambia kwa upole kwamba baba hakuwa ananisifu.

Jumamosi tulifanya mazoezi kwenye ghala la kampuni yetu. Bosi wangu alikubali mara moja, maana aliwahi kuwasikiliza ujanani, na alizunguka siku nzima akijifanya anahesabu nyaya. Mpiga besi aliyevunjika alikaa juu ya spika mbele yangu awe mwalimu wangu. Kumbe yule mzee hakujua jina la noti hata moja. Alikuwa ananyoosha kidole cha mkono mzima, anasema, "Hapo. Hapo. Na hapo tena. Basi, umemaliza wimbo."

Nyimbo zao zilikuwa nyingi na fupi. Mimi nimetoka mahali ambapo wimbo unaanza, watu wanaagiza nyama, nyama inachomwa, inaliwa, na wimbo bado haujafika kwenye chemko. Hawa walikuwa wanamaliza wimbo kabla sijajua umeanzia wapi. Na kila nilipotia kitu kidogo cha kupamba, mwimbaji alisimamisha kila kitu.

"Umefanya nini hapo?"

"Nimepamba kidogo."

"Usipambe. Tunaimba juu ya mtu aliyefukuzwa kazi. Unampamba wa nini?"

Walipopumzika kunywa chai, na walipumzika mara nyingi, nilipata habari zao zote, kila mmoja akimkatiza mwenzake. Walizaliwa katika mji mdogo uliokuwa na kiwanda kimoja cha biskuti, nacho kikafungwa. Vijana wote wakabaki mitaani. Wanne hawa wakaamua kuunda bendi, bila kujua kupiga chombo chochote. Mwimbaji alichaguliwa kwa sababu alikuwa na mdomo. Mpiga dramu alichaguliwa kwa sababu alikuwa na hasira. Mpiga besi alichaguliwa kwa sababu baba yake alikuwa na gari la kubebea mizigo.

Wimbo wao wa kwanza ulimtukana mwenye kiwanda kwa jina, yeye na mbwa wake. Sahani za santuri za kwanza waliziuza katika maboksi ya biskuti waliyoyaokota nyuma ya kiwanda, wakayapiga mihuri kwa mkono. Redio ikaupiga marufuku wimbo huo. Hapo ndipo kila kijana wa Uingereza akautafuta. Magazeti yakaandika kwamba wazazi wafunge milango yao. "Na mama yangu ndiye aliyetushonea suruali," mwimbaji akasema. "Zile zilizochanika. Alizichana mwenyewe, kisha akapiga pindo ili zisiendelee kuchanika."

Niliwauliza kama ni kweli kwamba mashabiki walikuwa wanawatemea mate. Ni kweli. Ilikuwa namna ya kuonyesha mapenzi. Mpiga gitaa aliwahi kuugua kwa sababu ya mapenzi hayo.

Nikawaza kiongozi wangu wa Morogoro, ambaye mtu akipanda jukwaani kumtunza pesa, alikuwa anatazama kwanza kama mikono ni safi. Nikaona aibu kwa niaba yake.

Walidumu miaka michache tu. Wakavunjika kwenye kituo cha mafuta, kwa ugomvi wa mkate wa nyama ambao mpaka leo kila mmoja anasema uliliwa na mwingine. Mwimbaji akawa tarishi. Mpiga dramu akaendesha basi la shule, jambo ambalo ningependa wale wazazi wa magazetini walijue. Hawakusemezana kwa miaka mingi mno. Halafu kampuni moja ikautumia ule wimbo wa matusi, bila matusi, kutangaza bima ya magari, na vijana ambao hawakuwa wamezaliwa wakati ule wakaanza kuuliza bendi hii iko wapi. Ikabidi watafutane.

"Mlirudiana kwa ajili ya mashabiki?" nikauliza.

"Tulirudiana kwa sababu hakuna kati yetu anayejua kitu kingine cha kufanya Jumamosi," akasema mpiga dramu.

Mchana ule nilikasirika mara moja tu. Nilikuwa nimechoka kukatazwa, vidole vinawasha, na nikamgeukia mwalimu wangu mwenye hogo. Nikamwambia, "Mzee, miaka yote hii hukutaka kujifunza? Hata kidogo?"

Hakuchukia. Alikuna ngozi iliyo chini ya hogo kwa kijiti cha kukorogea kahawa. "Zamani alikuwapo mpiga besi mmoja mjini kwetu, fundi kabisa," akasema. "Nilikwenda kumtazama, nikarudi nyumbani nimevunjika moyo. Nikajua siwezi kuwa yeye. Mtu akija kunitazama mimi anarudi nyumbani anajua anaweza. Kesho yake anaomba gari la baba yake." Akakuna tena. "Au basi mimi ni mvivu tu. Mke wangu anasema ni uvivu."

Nilikubali kupiga pale, pale, na pale tena.

Kwa mke wangu ndiko kulikuwa na kazi. Nilimweleza jioni ile jikoni, akiwa anasonga fufu, yaani ugali wao, na mwiko mkononi.

"Dimanche?" akasema. "Siku ya Bwana? Weye uko na akili kweli?"

"Baada ya ibada. Onyesho ni saa tisa alasiri."

"Wanamuziki gani banapiga muchana?"

"Wazee. Wanataka kulala mapema. Na mashabiki wao pia ni wazee."

Hilo lilimtuliza kidogo, maana kazini kwake anatunza wazee na anajua ratiba zao. "Bon. Na hiyo bendi inaitwa namna gani?"

"Ina jina la Kiingereza."

"Nimeuliza inaitwa namna gani."

"Ni jina la sehemu ya mwili."

"Sehemu gani?"

"Ya nyuma."

"Mugongo?"

"Chini ya mgongo."

Mwiko ukasimama. Akanitazama kwa muda ambao fufu ingeweza kuungua, na kwa kweli iliungua. Nilingoja aseme hapana, na nadhani sehemu ya moyo wangu ilitaka aseme, nirudi kwenye noti zangu nyingi kwa amani. Badala yake akasema, "Ntaenda na weye. Nataka kuona kwa macho yangu hao baba bazima benye kujiita vile."

Kanisa letu linapanga ukumbi wa mazoezi wa shule moja. Madhabahu iko chini ya goli la mpira wa kikapu, na saa ya ukutani iko juu ya goli, kwa hiyo mtu anaweza kuonekana anatazama mbinguni kumbe anatazama saa. Jumapili ile mimi na mke wangu tulikuwa wacha Mungu kweli. Mchungaji wetu ni mtu mwema, lakini akishika maiki huwa anasahau kwamba binadamu wana miili. Siku hiyo alihubiri juu ya Yona. Saa sita ikapita, Yona yumo melini. Saa saba ikapita, Yona yumo ndani ya samaki. Ilipokaribia saa nane nikamtazama mke wangu, naye akanitazama, na mchungaji akasema, "Sasa ndugu zangu, tumtazame huyu samaki."

Ndipo akainua chupa yake anywe maji.

Mke wangu akasimama. Sikuambiwa kitu, na kwaya haikuambiwa kitu. Akaanzisha wimbo wa kufunga ibada, kwa sauti yake yote, na Mungu alimpa sauti. Kwaya ikasita pumzi moja, ikafuata. Mimi nikafuata na besi. Waumini, ambao kwa maoni yangu walikuwa wanangoja ukombozi huo, wakasimama wakapiga makofi. Mchungaji alibaki na chupa mdomoni. Nilimwona akipima afanye nini, kisha akainua mikono akaimba pia, maana mtu hawezi kupigana na kwaya. Samaki tukamwacha na Yona wake ndani.

Kwenye gari mke wangu alifunga mkanda, tukafika barabara kuu. Kisha akasema, "Roho njo alinituma," na akafungua redio.

Hatukuwa na nafasi ya kubadili nguo. Mimi nilikuwa na suti yangu ya kijivu ya kanisani na tai, yeye na kitenge cha kwaya chenye picha za njiwa. Meneja alipotuona alitaka kunipa fulana ya bendi. Mke wangu aliikunjua, akasoma herufi zilizo kifuani, akaikunja tena vizuri, akamrudishia. "Asante, mama. Apana." Basi nikapanda jukwaani na suti. Baadaye niliambiwa mashabiki walidhani suti ile ni dhihaka kali sana dhidi ya mabenki.

Ukumbi ulijaa. Kuna watu niliowaona siku ile ambao bado nawaona nikifumba macho. Wanaume wenye vipara waliovaa majaketi ya ngozi yaliyonunuliwa wakiwa wembamba. Bibi mwenye nywele za kijani na fimbo ya kutembelea. Vijana pia, wengi, wamewaleta wazazi wao au wameletwa. Viti vilikuwa vimepangwa ukutani kwa wenye magoti mabovu, na hapo ndipo mke wangu alipokwenda kukaa, mkoba mapajani, kama mtu aliyekuja kutoa ushahidi.

Aliyemwachia kiti alikuwa mzee wa Kigoa, Mhindi wa asili, nadhifu, na sweta lenye vifungo, na kifuani kwenye sweta pini kubwa ya nepi. Alimsikia mke wangu akinung'unika, akamgeukia kwa Kiswahili cha Nairobi: "Karibu mama, kaa hapa. Hii kelele itakwisha saa kumi na moja." Mke wangu alishtuka karibu adondoshe mkoba. Yote waliyozungumza alinisimulia tukirudi nyumbani.

Mzee yule alizaliwa Nairobi, baba yake karani wa reli. Alipokuwa kijana walihamia Uingereza, akapata kazi ya ukarani, na kila siku alikwenda kazini na tai. Misa hakukosa. Lakini ikifika jioni alikuwa anaivua tai shingoni na kuifunga kichwani, anakwenda kuwasikiliza hawa. Mke wangu alimuuliza kilichomvuta ni nini, maana hata yeye anasikia kwamba hawajui kuimba.

"Hawajui kabisa," mzee akakubali. "Lakini nisikilize, mama." Siku zile, akasema, njiani kulikuwa na vijana waliokuwa wanamfuata na kumtukana kwa rangi yake, na mara mbili walimpiga. Siku moja vijana wa namna hiyo waliingia kwenye onyesho, wakaanza kumsukuma yeye na dada yake kule nyuma. Mwimbaji aliona. Akasimamisha wimbo, akaweka maiki chini, akaruka kutoka jukwaani, na bendi nzima nyuma yake, mpiga dramu akiwa ameshika fimbo zake. Wakawasukuma wale vijana mpaka mlangoni. Mwimbaji alivunjika jino. Akarudi, akatema damu, akaendelea na wimbo kuanzia mstari uleule. "Padri wangu hakuwahi kuniuliza kama nilifika nyumbani salama au la," mzee akamwambia mke wangu. "Huyu mwenye matusi aliniuliza."

Mimi wakati huo sikujua lolote la hayo. Nilikuwa nafukuzana na mpiga dramu. Mzee huyo wa dramu, ambaye ngazini alipanda kwa kushikwa mkono, akishika fimbo alikuwa anageuka shetani. Wimbo wa kwanza uliisha kabla sijaacha kuogopa. Wa pili niliupata. Wa tatu nikaanza kuona raha, na raha ndiyo iliyoniponza, kwa sababu katika wa nne kidole kikateleza kikaenda Morogoro, na kabla sijakirudisha nilikuwa nimepiga kipande kizima cha chemko katikati ya wimbo wa mtu aliyefukuzwa kazi.

Mwimbaji aligeuka akanirushia taulo lake. Lilinipata usoni, limelowa jasho. Watu wakashangilia kana kwamba tumelifanyia mazoezi. Na katika kushangilia, mtu mmoja mbele, mwenye nywele za rangi ya waridi na mvi zinazochungulia chini yake, akarusha bia. Gilasi nzima, juu ya suti yangu ya kanisani.

Nilimwona mke wangu akiinuka. Njiwa wa kitenge walipita katikati ya umati ule, na umati ukawapisha. Alimfikia mtu wa waridi, akamnyang'anya gilasi, akamsemesha. Tulikuwa tunapiga kwa nguvu zote na sikusikia hata neno, lakini hotuba ile naijua, maana nimewahi kupewa. Inaanza na mama aliyekulea na inamalizikia kwenye gharama ya sabuni. Aliisema kwa Kiswahili na Kifaransa, na yule bwana hakujua lugha hata moja kati ya hizo, ila alielewa yote. Wimbo ulipokwisha bwana huyo alikuja pembeni mwa jukwaa na skafu yake mkononi, akawa ananifuta suruali, ananiomba radhi. Mpiga gitaa alicheka hadi akashindwa kuanza wimbo uliofuata.

Wimbo wa kiwanda cha biskuti waliuweka mwisho. Ndio uliowaleta watu. Mpiga dramu akahesabu, tukaingia, na mwimbaji akafungua kinywa. Hakikutoka kitu.

Nilidhani ni maiki. Hiyo ndiyo kazi yangu, nikatazama waya, waya ulikuwa sawa. Nikamtazama yeye. Alikuwa amesahau. Maneno aliyoyaandika mwenyewe akiwa kijana asiye na kazi, ambayo redio iliyakataza, yalikuwa yameondoka. Tulizunguka tukaanza tena mwanzoni, pale, pale na pale tena, naye bado amesimama, mkono umeishika ile miwani ya kifuani kama ndani yake mmeandikwa kitu. Pembeni nilimwona binti yake akiwa na karatasi yenye maandishi makubwa. Kumbe alikuwa nayo tayari. Kumbe haikuwa mara ya kwanza. Akapiga hatua moja aje nayo.

Hakuhitaji. Bibi mwenye nywele za kijani alianza, wa pembeni yake akashika, na kabla hatujazunguka mara ya tatu ukumbi mzima ulikuwa unaimba, vijana na wazee, wanamtukana mwenye kiwanda ambaye lazima alikwishakufa zamani, yeye na mbwa wake, neno kwa neno. Kule ukutani mzee wa Kigoa alikuwa amesimama juu ya kiti, ameshikiliwa kiuno na mke wangu ili asianguke. Mwimbaji alisikiliza ubeti mzima. Sikuwahi kumwona mtu akisikiliza wimbo wake mwenyewe hivyo, kichwa kimeinama upande, kama anaupenda na anajaribu kukumbuka aliwahi kuusikia wapi. Kwenye kiitikio akajiunga nao, bila kuwatangulia.

Mimi sikupamba. Sitaki kusema uongo kwamba nilijizuia. Sikukumbuka tu kwamba kuna kupamba.

Baadaye, nyuma ya jukwaa, walikunywa chai. Mwimbaji alikaa akizungusha kikombe chake, binti yake akamwekea mkono begani. Mwalimu wangu mwenye hogo alinikumbatia kwa mkono mmoja akasema nimekuwa mbaya vya kutosha. Meneja aliniomba niendelee nao, Montreal kwanza, kisha miji ya magharibi. Nilimtazama mke wangu. Akasema nifanye nitakavyo, kwa sauti ile ambayo watu wote waliooa wanaijua.

Kazini nisingepata ruhusa kwa wiki zote hizo, na kusema kweli nilitaka sana kwenda. Lakini nilikataa. Wakampata mwingine haraka, msichana aliyekuwa kwenye onyesho lilelile, ambaye alikuwa ameanza kujifunza besi tangu majani yalipoanguka, miezi michache tu nyuma. Siku mbili baadaye, kabla hawajaondoka mjini, niliwapelekea ukumbini nyaya walizosahau kwetu, nikamsikia akifanya mazoezi. Alikuwa mbaya hasa. Wazee wale walikuwa na furaha kama wamepata mjukuu. Nilirudi garini nikakaa na wivu wangu kidogo kabla ya kuwasha injini.

Mchungaji alimuuliza mke wangu juu ya ule wimbo wa kufunga. Akajibiwa habari za Roho, na ni vigumu kwa mchungaji kubishana na jibu hilo. Mahubiri yamepungua kidogo, angalau kwa ule muda wa kunywa maji. Anakunywa haraka.

Na kwenye kwaya kuna mama mmoja wa Uvira, anafanya kazi kwenye kiwanda cha kukata kuku, ambaye tangu tumjue anaomba apige dramu. Mke wangu siku zote alimwambia angoje, kwanza ajifunze mwendo. Wiki moja baada ya Waingereza kuondoka, akamwita mbele ya wote, akampa fimbo. "Piga," akamwambia. "Utajifunza ukiwa unapiga."

Hajajifunza. Anakimbia pale pa kutembea, anatembea pale pa kukimbia, na mimi niliyelelewa kwa faini nasimama pembeni yake kila Jumapili nikimtafuta kama mtu aliyepotea sokoni. Juzi alipiga kwa nguvu hadi saa iliyo juu ya goli ikaanguka. Kijana wa shule aliyekuja kufagia aliiokota, akaitikisa, akasema bado inatembea.